Ubao wa Nyuma ya Dereva

Kabla sijamzoea uso nilimzoea kisogo. Miaka mitano nilikaa nyuma ya gari la wagonjwa, yeye mbele kwenye usukani, na kati yetu ubao mpana wa mninga wenye kijidirisha cha kioo kisichozidi kisahani cha kahawa. Katika kioo hicho nilikiona kisogo chake: kofia ya kiua iliyofifia, shingo nene yenye mikunjo miwili, na nyuma ya sikio la kulia kovu dogo ambalo hakuwahi kunieleza lilitoka wapi. Nilijifunza kukisoma. Akikaza shingo, mbele kuna jambo. Akiinama kidogo, tumefika darajani. Hata leo nikimwona mwanamume mwenye shingo ya namna ile, mkono wangu hutafuta mshipa wa kushika kwanza, halafu ndipo hukumbuka kwamba sina mgonjwa.

Tanga nzima ilimwita Dereva. Madereva walikuwa wengi, wa malori ya mkonge, wa mabasi ya Muheza, wa mabwana wa Kizungu, lakini ukisema Dereva bila kuongeza neno, ni yeye. Jina lake analo na wenyewe wanalijua, mimi sikulizoea. Na yeye aliniita Dresa, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu hospitalini: kufunga vidonda, kuchemsha sindano, na kupanda nyuma ya gari kila lilipoitwa shamba. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Gari lilikuwa moja, na wilaya, we acha tu.

Siku yangu ya kwanza alinipandisha nyuma, akafunga mlango, akaenda mbele akawasha injini. Akaniita. Nikaona mdomo wake unacheza katika kioo, sauti sisikii. Akazima, akarudi.

"Umenisikia?"

"Sikusikia, mzee."

"Basi na mimi sitakusikia. Ukipiga kelele, utamtisha mgonjwa bure. Utagonga huu ubao." Akakunja kidole akagonga mara moja. "Moja, taratibu, mgonjwa anaumizwa na mashimo." Akagonga tena. "Mbili, haraka, roho iko ukingoni. Hapo niachie mimi." Kisha akagonga mara tatu, polepole, akiniangalia usoni. "Tatu, hatuna haraka tena. Umeelewa?"

Nilielewa. Na tangu siku ile sikupata raha katika lile gari. Kwa sababu Dereva, akishasikia mbili, hakuwa na sheria nyingine duniani. Aliivuta kamba ya kengele iliyokuwa juu ya gari akaikamata, akashika katikati ya barabara, kushoto kwake kulia kwake hakujali, na kila aliyekuwa mbele, awe bwana shamba ndani ya gari lake au bibi na mzigo wa kuni, alijua mwenyewe pa kukimbilia. Na akisikia tatu, aliiacha kamba. Kengele inanyamaza ghafla, gari linapunguza mwendo, na kutoka hapo tunampisha kila mtu. Tulipisha mikokoteni. Tulipisha bata. Mara moja, tukitoka Maramba na mama aliyetuishia njiani, tulisimama kungoja ng'ombe wamalize kuvuka, na ndugu wa marehemu niliyekaa naye nyuma akanishika shati akasema, "Mwambie basi akimbize, nyumbani wanangoja!"

"Kengele si yangu," Dereva alipenda kusema, "wala si ya Bwana Daktari. Ni ya yule aliyelala nyuma. Akiondoka, anaondoka nayo."

Sasa fikiri mimi nilivyokuwa. Mkono wangu ndio uliompa ruhusa ya kuvunja sheria na mkono wangu ndio uliomnyang'anya. Nikigonga mbili kwa mtu ambaye angeweza kungoja, na njiani tukamgonga mtoto wa watu, damu hiyo ni ya nani? Nikichelewa kugonga mbili, je? Na tatu ndiyo iliyoninyima usingizi. Nilikuwa nashika mshipa wa mgonjwa, naweka kioo puani, nashika tena, nahesabu, nashika shingoni, na bado nikikunja kidole kuelekea ubaoni kilikuwa kizito. Nyumbani nilifanya mazoezi kwenye ubao wa kitanda. Mke wangu Mwanaidi alicheka mpaka akakaa chini. Mwishowe na yeye akazishika zile ishara. Chakula kikiwa tayari aligonga mlango wa jikoni mara mbili, maana yake njoo upesi kinapoa. Ya tatu nilimkataza asiifanyie mzaha, na yeye hakuifanyia.

Mjini palikuwa na mabishano juu ya Dereva, na makao yake makuu yalikuwa baraza ya kinyozi mmoja wa Ngamiani. Kinyozi huyo alisimama upande wa sheria. "Barabara ni ya wote," alisema huku wembe uko shingoni mwa mtu, na aliyekuwa kitini hakuthubutu kubisha. "Leo tumwachie wa wagonjwa, kesho wa zimamoto, keshokutwa wa polisi, halafu wa bwana mkubwa anayewahi chai. Sisi wa miguu tutapita wapi, juu ya minazi?" Wengine walisema, subiri siku utakayolala wewe mle ndani, tutaona utataka dereva asimame njia panda aangalie kulia na kushoto. Dereva mwenyewe alinyolewa pale pale kila Alhamisi. Alifumba macho tu, akaacha wamseme mbele yake kama hayupo.

Yuko askari wa barabarani aliyepata kumshika. Alikuwa mgeni, ametoka bara karibuni, amesimama njia panda na glavu nyeupe. Akanyoosha mkono gari zisimame. Sisi tuna kengele inalia, nyuma kuna kijana wa shamba la mkonge ambaye mkono wake ulinaswa na korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge. Dereva akapita. Askari akapanda baiskeli akatufuata hadi hospitali, jasho linamtiririka, daftari mkononi.

"Sheria gani inakuruhusu kupita mkono wangu?"

"Hakuna," Dereva akasema.

"Basi umevunja."

"Nimevunja. Andika. Na mgonjwa huyo hapo, muulize kama nimrudishe njia panda tuanze upya."

Askari akachungulia. Akaona ule mkono. Akatia daftari mfukoni, akashika machela upande wa miguu, tukamwingiza wote watatu. Tangu siku ile, akisikia kengele alisimamisha dunia nzima kwa mikono miwili. Lakini wiki iliyofuata tulikuwa tunarudi gari tupu, na Dereva akasimama mbele ya mkono wake mpaka nikaanza kusinzia. Askari akamwambia pita. Dereva akasema bado, yule wa baiskeli ndiye aliyetangulia.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Gari likiwa tupu hukuona mtu mwoga wa sheria kuliko yeye. Bwana Daktari aliyekuwapo wakati huo, Mzungu mrefu mwenye haraka, alichelewa treni siku moja na akaamuru apelekwe stesheni kwa gari la wagonjwa. Dereva akampeleka. Njiani, Dereva alinisimulia baadaye, Bwana Daktari akamwambia apige kengele. Dereva akageuka akatazama nyuma, akanitazama mimi kupitia kile kioo, akarudisha macho barabarani. "Mgonjwa yuko wapi, bwana?" Bwana Daktari akawa mwekundu. Treni tuliiona matako.

Lakini nisimpambe. Yuko muuza mkate aliyekuwa akizunguka na baiskeli na kapu kubwa la mikate. Siku moja, mwendo wa mbili, alisikia kengele, akababaika, akajitupa mtaroni akavunja mkono. Mikate ilitapakaa njia nzima. Sisi tulimwona, na hatukusimama, kwa sababu mikononi mwangu palikuwa na mtoto wa degedege. Tulipomfikisha mtoto, Dereva aligeuza gari bila kuagizwa na mtu, akarudi kumchukua muuza mkate. Mjini wakacheka: Dereva siku hizi anajitengenezea wagonjwa mwenyewe. Muuza mkate hakucheka. Alipokaa mbele yangu nikimfunga vibao vya mkono, alimwuliza Dereva aliyekuwa amesimama mlangoni:

"Yule mtoto amepona?"

"Alhamdulillahi, amepona."

"Namshukuru Mungu. Na huu mkono wangu je? Mimi sikuwa na haki ya kufika ninakokwenda?"

Nilingoja Dereva amjibu, kwa sababu na mimi nilitaka jibu. Kuanzia hapo mkate wake wa asubuhi aliununua kwa yule bwana, ingawa ulikuwa mgumu na tanuri la jirani lilikuwa na laini. Aliukata kwa kisu, akautia kwenye chai, akala.

Mtu mwenye kukimbiza gari vile ungedhani anapenda mwendo. Wapi! Alikuwa akienda kwao Pongwe kwa miguu kwa kuogopa mabasi. Baiskeli yake aliishuka kila njia panda akaikokota. Kabla ya kuwasha injini aliweka kiganja juu ya usukani akasoma kitu mdomoni, na tulipofika salama alikaa kidogo bila kushuka, mikono haiuachi usukani. Nilikuwa nadhani ni mimi peke yangu ninayeogopa.

Jambo moja tu liliishinda kengele yake, nalo ni jeneza. Kwetu pwani maiti akipita, mwenye kukaa husimama, mwenye duka huacha mizani, na mwanamume yeyote aliye njiani huingia kuchukua hatua chache. Unamgusa begani aliyebeba, anakupisha, unapokea, mpaka na wewe uguswe bega. Hata adui yako huwezi kumnyima bega. Gari likiwa tupu, Dereva aliliweka pembeni, akazima, akashuka akaenda kuomba zamu. Akiwa na mgonjwa hakushuka, lakini alisimama, akaachia kamba, akangoja jeneza lipite. Kwa kawaida halikuchukua muda, maana watu wetu hawatembezi maiti polepole. Mimi huko nyuma nilihesabu pumzi za mgonjwa nikajiuma midomo. Wakristo wa mashamba ya mkonge nao aliwasimamia vilevile. Kuna siku alipokea zamu kwenye sanduku la manamba mmoja Mlutheri, kofia yake ya kiua kichwani, watu wanaimba kwa Kiswahili cha bara, na baraza ya kinyozi ikapata maneno ya mwezi mzima.

Nilimwuliza sababu. Mkono wa serikali unaupita, jeneza unalisimamia, kwa nini?

"Askari nitamkuta kesho nimwombe radhi," alisema. "Yule nitamkuta wapi?"

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Mwanaidi alipokaribia kujifungua mtoto wetu wa kwanza alikwenda kwa mama yake Kigombe, kama ilivyo desturi. Siku moja baada ya adhuhuri lilikuja lori la shamba hospitalini, dereva wake akaleta habari kwamba Kigombe kuna mwanamke amezaa na kondo la nyuma limekataa kutoka, damu haikatiki. Jina hakuwa nalo. Wanawake waliozaa wiki ile Kigombe wangeweza kuwa watatu wanne. Nilipanda nyuma nikijiambia hivyo. Nilikiona kisogo cha Dereva, na safari nzima ya kwenda shingo ilikuwa imekaza.

Alikuwa Mwanaidi. Mtoto alikuwa mzima, mikononi mwa bibi yake, analia. Mke wangu alikuwa mweupe midomo, na kanga alizolazwa juu yake sikuweza kuzitambua rangi. Tulimpakia. Sikungoja gari lianze, niligonga mbili kabla Dereva hajakaa sawasawa, na kengele ikaanza.

Barabara ile ya Pangani wakati huo ilikuwa ya udongo na nyembamba, na karibu na Tongoni mkonge ulikuwa umeibana pande zote mbili, miiba yake inakwangua bodi. Mchana ulikuwa bado mweupe, alasiri imetoka kuswaliwa. Nilikuwa nimelikandamiza tumbo lake kwa mkono mmoja na mwingine nimeshika mshipa wake, unakuja, unapotea. Kengele ikanyamaza.

Gari likapungua mwendo, likawa linatambaa. Niliinua kichwa kwenye kioo. Mbele ya kisogo chake barabara yote ilikuwa kanzu nyeupe. Maziko. Na hayakuwa yakitujia kwamba yatatupita, yalikuwa yanakwenda tunakokwenda sisi, makaburini, mbele kabisa, na hapakuwa na upenyo wa kupitisha hata baiskeli. Dereva alikuwa akifuata nyuma kwa mwendo wa miguu. Hakuna apitaye jeneza. Nilisikia watu wakileta tahalili, taratibu, na chini yangu Mwanaidi akafumbua mdomo kama anayetaka maji na macho yakageuka.

Nilipiga ubao. Sikumbuki zaidi ya hapo. Nilipiga kwa ngumi, nadhani nililia, nadhani nilimtukana.

Shingo ikakaza. Kengele ikalia juu kuliko nilivyopata kuisikia, gari likaingia upande wa kulia, na watu wakapiga makelele. Kupitia mlango wa nyuma niliona yote baada ya kupita: watu wamejitupa ndani ya mkonge, waliobeba wamekanyaga ukingo wa mtaro, mmoja wao ameteleza, na pembe moja ya jeneza imeshuka mpaka imegusa ardhi. Miiba ilikuwa imenasa kitambaa cha juu ikakivuta, na sanda ikaonekana. Mtu mmoja alikuwa ameinua mikono miwili hewani, hasogei. Kisha vumbi likawafunika wote.

Mwanaidi alipona. Waliniambia hospitalini kwamba tungechelewa kidogo tu, tungempoteza. Niliposikia hayo nilitoka nje kumtafuta Dereva nimwambie. Nilimkuta ndani ya gari, hajashuka, mikono juu ya usukani. "Yu hai," nikamwambia. Alinitazama kwa muda mrefu kama aliyeambiwa jambo la kigeni, kisha akaweka paji la uso juu ya mikono yake. Nilidhani ni uchovu.

Siku ya tatu tuliitwa Tongoni, yeye na mimi. Jumbe aliketi na wazee, na mwanaume yule aliyeinua mikono hewani alikuwa ni mtoto wa marehemu, mvuvi wa makamo, mwenye sauti ya chini.

"Baba yangu ameitembea barabara hii umri wake wote," alisema. "Hakumzuia mtu. Siku ya mwisho anapita, mnamtupa kwenye mkonge. Mimi sitaki faini wala nini. Nataka kujua tu kwa nini."

Jumbe akamgeukia Dereva. "Ulikuwa na mgonjwa?"

"Nilikuwa naye."

"Alikuwa hai wakati ule?"

Dereva akasema, "Sikujua."

Baraza lote lilinguruma. Jumbe akanyanyua mkono. "Hukujua? Kama hukujua, ulipita kwa nini?"

"Nilipita. Makosa yangu."

Sikuelewa. Nilimwona anajitia kitanzi kwa ukaidi. Jumbe akanigeukia mimi. "Na wewe Dresa uliyekuwa nyuma, una neno?"

Neno nilikuwa nalo. Nilikuwa na mke kitandani na mtoto wa siku tatu, na sheria ya hospitali ilisema dresa haruhusiwi kumwendesha dereva kwa mambo ya jamaa zake. Nikiyasema ya ngumi na matusi, Bwana Daktari atayapata kabla ya jioni. Nilitazama miguu yangu.

"Sina," nikasema.

Naandika hivi kwa aibu. Mtu aliyeokoa mke wangu nilimwacha peke yake katikati ya baraza, hatua mbili kutoka nilipokaa.

Alitolewa kwenye gari la wagonjwa, akapewa lori la kuni za jikoni. Hilo angelivumilia. Lakini siku chache baadaye palikuwa na maziko Ngamiani, na yeye akaenda kama kawaida, akamgusa bega mtu aliyebeba, na yule mtu hakupisha. Akamgusa wa pili. Hakupisha. Nilikuwa upande wa pili wa jeneza hilo, nikaona kwa macho yangu. Hakuna aliyemtukana wala kumsukuma, walitazama mbele tu. Alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka jeneza likamwacha. Baada ya muda si mrefu aliacha kazi akahamia kwao Pongwe, na mimi, Mungu anisamehe, nilishukuru kwamba sitaonana naye kila siku.

Miaka ilipita, tukafika mwanzoni mwa miaka ya sitini. Shemeji yake Mwanaidi alifariki Pongwe, tukaenda wote wawili. Tulipokuwa tunatoka na jeneza niligeuka nyuma kutazama wingi wa watu, na nyuma kabisa, peke yake, nafasi ya watu kumi kati yake na wa mwisho, alikuwa anatembea mzee mmoja. Uso ulikuwa umekonda, sikuujua. Alipogeuka kumpisha mbuzi ndipo nilipokiona kisogo.

Baada ya mazishi nilimchukua Mwanaidi msibani tukaenda kwake. Alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya nyumba yake ya makuti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Dresa." Akamtazama Mwanaidi, akatabasamu. "Marahaba, mwanangu. Na yule mtoto?"

"Yuko chuoni, anasoma Kurani," Mwanaidi akasema. "Amekuwa msichana mkubwa na mbishi."

Alituletea kahawa mwenyewe. Nilimwuliza kwa nini anatembea nyuma ya watu, hapa Pongwe nako wamemkatalia bega?

"Hapa hakuna aliyenikatalia. Sijamgusa mtu." Akanywa kidogo. "Naogopa kugusa."

Nikashindwa kuendelea kukaa na lile jambo. Nilimwambia yote mbele ya mke wangu, ambaye hata yeye sikuwahi kumwambia: kwamba ni mimi niliyepiga ubao kama mwendawazimu, ni mimi niliyemlazimisha kupita, na kule Tongoni nilinyamaza kwa kuogopa kazi yangu. Nilisema, nimekubebesha mzigo wangu mzee, nisamehe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kikombe chini.

"Hukunilazimisha, Dresa. Uligonga tatu."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Ulipiga tatu. Ukanyamaza. Ukapiga tatu tena." Akagonga benchi kwa ngumi, tatu, kisha tatu. "Nilihesabu. Miaka yote nilikuwa nahesabu, ningeachaje siku ile?"

Mwanaidi aliacha kupepea kanga yake.

"Miaka mitano sikupata kukuona umekosea," Dereva akasema. "Tatu ni tatu. Kwa haki nilipaswa nibaki nyuma ya wale watu mpaka kaburini. Lakini hazikuwa za kidole. Zilikuwa za ngumi. Nikasema, huyu analia, na mtu anayelia huenda hahesabu. Huenda. Sikuwa na hakika. Nilipita lile jeneza nikijua labda nampita maiti kwa ajili ya maiti mwingine. Mpaka ulipokuja kunigongea dirisha la gari ukaniambia yu hai, mimi sikujua."

"Na pale baraza…"

"Ningewaambia nini? Kwamba dresa wa serikali amemgongea mtu aliye hai ishara ya kifo? Wangekufukuza siku ile ile, na huyu bado hajainuka kitandani." Alimwonyesha Mwanaidi kwa kidevu. "Tena walikuwa na haki kunikasirikia. Yule baba yao kweli alianguka mwibani. Nimekaa nikijiuliza, na lile swali la muuza mkate sijalipatia jibu mpaka leo."

Nilikuwa naziona zile ngumi. Mke wangu mwenyewe, hai, mkono wake ndani ya mkono wangu, nami nimemgongea tatu.

"Twende Tongoni," nikasema.

"Kufanya nini? Yamekwisha zamani."

"Hayajakwisha. Unatembea nyuma ya watu."

Alitikisa kichwa. Alisema amezeeka, alisema magoti, alisema yule mtoto wa marehemu labda hayupo tena. Niliona mikono yake imekamata magoti, kama ilivyokuwa ikikamata usukani tukifika salama.

Mwanaidi alisogea kwenye lile benchi, akakunja kidole, akagonga ubao. Mara mbili.

Mzee alimtazama. Alitazama kile kidole. Kisha akainuka polepole, akaingia ndani, akatoka amevaa kanzu na kofia yake ya kiua.

Tulipata basi hadi mjini, na kutoka mjini jingine la kwenda Pangani. Alikaa kiti cha mbele na mimi na mke wangu nyuma yake. Mkonge ulipoanza kutubana pande mbili niliona shingo inakaza, ile mikunjo miwili ikapotea kabisa. Nikanyoosha mkono nikamgusa bega, mara moja, taratibu, kwa kidole.